Western World haikushuka sababu watu waliichoka

Kuna maneno yanarudiwa sana kwa wanaofuatilia mbio za magari Marekani, eti Western World Championships, mashindano ya sprint car ya Arizona, ilipoteza hadhi kwa vile mashabiki walichoka na sprint car. Jamani hapana.

Sprint car ni kale kagari kadogo ka kukimbizana kwenye udongo, hakana stata wala klachi, kanasukumwa na pikapu kutoka nyuma mpaka injini ishike, na tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto ili kageuke vizuri upande wa kushoto. Sasa Western World ilianza 1968 pale Manzanita Speedway, Phoenix, uwanja wa nusu maili uliokuwa wa mbio za mbwa kabla ya kugeuzwa wa magari 1951, na madereva wakali wa Marekani walikuwa wanafunga safari mpaka huko kwa sababu kushinda Manzanita ilikuwa heshima yenyewe.

Kilichotokea ni kwamba 2009 uwanja uliuzwa ukafungwa, basi mbio zikabaki na jina tu, zikaanza kuhamahama, mara Tucson, baadaye hadi Yuma, na mashindano yakihama hivyo yanapoteza nini kama sio watu waliozoea kukaa jukwaa lilelile miaka na miaka? Mchezo wenyewe uko hai kabisa, nendeni kwenye mbio za sprint car za Knoxville kule Iowa kila Agosti mkaone umati ulivyo.