Jazi huru: uhuru wa nini hasa?

Bendi ikipotezana jukwaani, gitaa limeenda kwake na mwimbaji kaenda kwake, hakosi mtu wa kusema, "Leo tunapigiwa jazi huru." Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na siku hizi hata watu wanaoupenda muziki wanalirudia. Jazi huru ina maana yake, na mtu aliyeifanya ijulikane, mpiga saksafoni Mmarekani Ornette Coleman, alichekwa na kutukanwa kwa miaka mingi kwa madai hayohayo kwamba hajui anachopiga.

Maana yake ni fupi. Jazi huru ni jazi ambayo mwanamuziki anapobuni papo hapo hafungwi na mzunguko wa kodi uliopangwa kabla. Kodi ni zile noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, kama anavyozibana mpiga kinanda au gitaa.

Kinachowapoteza watu ni kudhani kwamba aliye huru hapo ameachana na kila kitu. Enzi za mpiga saksafoni Charlie Parker, miaka ya 1940, mpulizaji alipopewa nafasi yake alikuwa anauzunguka wimbo. Kama wimbo una kodi zake ndani ya mizani 32, yaani vipimo 32 vya mdundo, alizifuata moja baada ya nyingine, akifika mwisho anaanza tena, na kila kodi ilimwamulia noti zipi zitakaa vizuri na zipi zitakwaruza. Ubingwa ulikuwa kupita humo kwa kasi bila kujikwaa. Coleman, aliyezaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1930, aliujua muziki wa Parker vizuri na aliweza kupiga kwa mtindo huo. Alichokihoji ni kimoja tu: melodi ikinivuta upande huu, kwa nini nirudi kwa sababu zamu ya kodi fulani imefika? Ndiyo maana katika bendi yake maarufu alimwondoa mpiga piano, kwa kuwa piano ndiyo iliyokuwa ikizishikilia kodi hizo. Besi, dramu, mdundo na melodi alivibakiza.

Jina lenyewe lilipatikana hivi. Tarehe 21 Desemba 1960, Coleman aliingia studio mjini New York na wanamuziki wengine saba, wakagawanyika bendi mbili za watu wanne wanne. Katika rekodi ya stirio, bendi moja inasikika spika ya kushoto na nyingine ya kulia, na wanapiga kwa dakika kama 37 mfululizo. Albamu ilitoka mwaka 1961 kwa jina la *Free Jazz*, na watu wakalichukua jina la albamu wakalifanya jina la aina nzima ya muziki. Wengine walikuwa wameshaijaribu njia hiyo: mpiga piano Lennie Tristano na wenzake walirekodi bila kodi za kupangwa mwaka 1949, na mpiga piano mwingine, Cecil Taylor, alikuwa na njia yake kabla Coleman hajafika New York. Lakini sikiliza hata hiyo rekodi iliyozaa jina. Kila mpigaji anapopewa zamu ya kuongoza, anatanguliwa na kipande ambacho Coleman alikitunga, wanakipiga kwa pamoja, kisha wengine wanamjibu anayeongoza. Kuna utaratibu humo, wa kusikilizana. Mwenyewe baadaye aliuita muziki wake "harmolodiki", akimaanisha kwamba harmonia (noti zinavyopatana zikilia pamoja), mwendo na melodi vina cheo kimoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni *Lonely Woman*, wimbo wa Coleman uliorekodiwa Mei 1959. Mpiga dramu Billy Higgins anapiga matoazi kwa mwendo wa haraka kabisa. Charlie Haden anagusa nyuzi za besi mbili mbili, taratibu. Halafu Coleman na Don Cherry, saksafoni na koneti (aina ya tarumbeta fupi), wanaingia pamoja na melodi nzito kama ya msibani, wala hawamfuati Higgins. Wanaivuta noti, wanaikata, wanapumua, kisha wanamaliza sentensi ya muziki pamoja. Hakuna bahati nasibu hapo. Watu hawa walikuwa wamefanya mazoezi ya pamoja Los Angeles kwa muda mrefu. Na saksafoni ya Coleman, ile nyeupe ya plastiki aliyoinunua kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu, inalia kama mtu anayeimba blues za kwao Texas.

Aliyekulia kwenye taarab ya Unguja hapaswi kuhangaika sana kuelewa jambo hili. Mpiga ganuni anapopiga taksim, yaani kipande cha kubuni peke yake, hana kodi za kuzifuata na hana mdundo wa kumsukuma. Anazunguka ndani ya maqam, yaani ngazi ya noti za muziki wa Kiarabu, anapanda, anashuka, anarudi. Sijawahi kumsikia mtu akisema mpiga ganuni kapotea.

Coleman alipoanza kupiga kwenye klabu ya Five Spot, New York, Novemba 1959, wenzake waligawanyika. Leonard Bernstein, mtunzi na mwongozaji wa okestra, alimsifu. Mpiga tarumbeta Miles Davis alimsema vibaya, lakini katikati ya miaka ya 1960 bendi ya Davis mwenyewe ilikuwa ikiziacha kodi katika nyimbo nyingi na kubaki na mwendo tu. Mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi mwaka 1960 na Cherry na wenzake wa bendi ya Coleman, na Coltrane alipofariki mwaka 1967, Coleman alipiga mazishini kwake. Mpiga saksafoni mwingine, Sonny Rollins, aliwachukua Cherry na Higgins mwaka 1962. Walichokifuata mabingwa hawa ni njia ya kuijenga hoja ndefu kwa melodi yenyewe, bila kuegemea kodi, na hiyo ni kazi ngumu zaidi kwa sababu hakuna mzunguko wa kukushika mkono ukiishiwa. Mwaka 2007 Coleman alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu ya *Sound Grammar*, jina lenye maana ya sarufi ya sauti.

Ninalo ombi dogo kwa watangazaji wetu wa vipindi vya muziki. Mkimtambulisha Coleman, msiseme muziki wake hauna kanuni. Semeni hauna mzunguko wa kodi uliopangwa, kisha pigeni *Lonely Woman* bila kuukata. Ni wimbo wa kama dakika tano tu.