Kipandikizi cha Shina la Ubongo Hakikai Sikioni

Nimesikia mara nyingi mno ikisemwa kwamba mgonjwa aliyeondolewa uvimbe katika neva ya kusikia "amepandikizwa sikio na kurudishiwa usikivu", au kwamba amewekewa kifaa kile kile wanachowekewa watoto waliozaliwa viziwi. Kauli zote mbili zina kasoro, na ya pili inapotosha zaidi kwa kuwa inaukaribia ukweli.

Kipandikizi cha shina la ubongo ni kifaa cha umeme ambacho elektrodi zake, yaani ncha za kupitishia umeme, hulazwa juu ya kiini cha koklea, sehemu ya shina la ubongo (pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo) inayopokea habari za sauti, na ambayo haimo sikioni, ingawa imepewa jina la koklea, sehemu ya sikio la ndani. Maikrofoni na kichakata sauti huvaliwa nje. Madaktari William House na William Hitselberger walikiweka kwa mara ya kwanza mwaka 1979 huko Los Angeles.

Chanzo cha mkanganyiko, nadhani, ni neno "kupandikiza" lenyewe. Limetokana na "panda", na kwao ni shambani: mkulima huung'oa mche kitaluni, akauhamishia shambani, nao ukashika mizizi. Kwa figo neno hilo linafaa kabisa, kwa sababu kiungo hai kimehama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Kifaa cha umeme hakishiki mizizi wala hakikutoka kwa mtu. Hata hivyo sina ugomvi na waliolichukua neno, maana lugha imekwisha kulizoea, na tena lina wajukuu wengi, wakiwamo pandikizi la mtu na lile pandikizi la kisiasa linalotumwa katika chama cha wapinzani. Ninachodai ni kwamba anayesema "amepandikizwa" ataje pia ni mahali gani, kwa kuwa hapo ndipo tofauti yote ilipo.

Shimesikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia kinachovaliwa sikioni, hukuza sauti tu. Kipandikizi cha koklea, ndicho kile wanachowekewa watoto waliozaliwa viziwi, na ambacho Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kukiweka mwaka 2017, huingizwa ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio iliyojiviringa kama nyumba ya konokono (na kwa Kigiriki jina lake linatokana na konokono huyo huyo), kikafanya kazi ya seli zilizokufa kwa kuiamsha neva kwa umeme. Sharti lake ni neva iwe hai. Sasa mchukue mgonjwa wa neurofibromatosisi aina ya pili, ambaye kwa kawaida huota uvimbe katika neva za pande zote mbili: mara nyingi upasuaji wa kuuondoa huiharibu au huikata neva, na bomba likishakatika barabarani, kubadilisha koki ya jikoni hakuleti maji. Kipandikizi cha shina la ubongo hulipita bomba hilo na kupeleka ishara moja kwa moja kwenye ubongo. Neva ikisalimika, baadhi ya wagonjwa hao hao huweza kuwekewa kipandikizi cha koklea, kwa hiyo kinachoamua ni hali ya neva, si jina la ugonjwa.

Na huo "uvimbe wa neva ya kusikia" nao umepewa jina kwa mazoea. Neva ya nane ya kichwa ina tawi la kusikia na tawi la mizani ya mwili, na uvimbe huu kwa kawaida huanzia katika tawi la mizani, kwenye seli zinazoifunika neva, zilizoitwa kwa jina la Mjerumani Theodor Schwann. Si saratani. Mgonjwa huja akilalamikia sikio, basi lawama ikabaki kwa neva ya kusikia.

Limebaki neno "kurudishiwa". Wengi wanaotumia kipandikizi cha shina la ubongo hutambua kwamba mlango umebishwa au gari limepiga honi, na huupata mwendo wa sauti ya msemaji, jambo linalowarahisishia sana kusoma midomo. Wanaoweza kufuata mazungumzo ya simu bila kumwona msemaji ni wachache. Kwa hiyo, badala ya kusema mgonjwa "amepandikizwa sikio na kurudishiwa usikivu", ingekuwa sahihi zaidi kusema amewekewa kipandikizi cha shina la ubongo, nacho kinamsaidia kutambua sauti.