Chuo Kikipanda Ngazi, Karakana Ibaki na Nani?

Mimi ni mkufunzi wa umeme. Swali ninaloulizwa sana na wazazi ni hili: kama chuo ni kikuu, mbona tena kiwe na taasisi ya ufundi ndani yake? Jibu langu huanzia Tudor, Mombasa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 palianzishwa pale taasisi ya elimu ya Waislamu ambayo wazee wa Pwani bado wanaiita MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education). Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora walichanga, serikali ya kikoloni nayo ikatia mkono, ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ujuzi wa kazi. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 ikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa, 1972 ikawa Mombasa Poly, 2007 chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi. Kenya Poly ya Nairobi nayo ilipanda hadi chuo kikuu kishiriki 2007, kisha chuo kikuu kamili 2013.

Ni heshima kubwa, na sisi wa Pwani tuliifurahia. Lakini chuo kikuu kina desturi zake. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliweka shahada ya uzamifu (PhD) kuwa sharti la kuwa mhadhiri. Kwa fizikia, sawa. Kwa karakana je? Fundi aliyekaa miaka ishirini akitengeneza mota za kreni bandarini hana uzamifu, wala hana makala hata moja katika jarida, na hakuna anayeweza kumfundisha kijana kusikiliza beringi inayokufa vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana taasisi ya TVET, yaani ya elimu na mafunzo ya ufundi, lazima iwe na mlango wake. Inafuata Sheria ya TVET ya 2013, wakufunzi wake wanapewa leseni na TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo hayo, na fundi yule akipata leseni anaingia darasani kwa haki yake.

Jambo la pili ni jinsi ya kupima. Zamani mtihani ulikuwa zaidi wa kalamu. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekokotoa mzigo wa nyumba nzima ubaoni bila kukosea hata nukta. Nikampa soketi aifunge. Alipomaliza nikavuta waya kwa vidole viwili, ukachomoka. Skrubu ilikuwa imelegea. Waya uliolegea hupata joto pale unapogusana, plastiki inaungua polepole, na siku moja nyumba inawaka moto watu wamelala. Karatasi ya mtihani haiwezi kuliona kosa hilo. Mkono unaliona.

Mfumo wa sasa wa umilisi unampima mtu kazi kwa kazi, kufuata viwango vilivyoandikwa pamoja na waajiri. Mwanafunzi hukusanya ushahidi wa kazi alizofanya, mpimaji humtazama akifanya, kisha huamua: ameweza, au bado. Neno hilo “bado” nalipenda kwa dhati. Halimfukuzi mtu, linamrudisha mezani ajaribu tena.

Aliyepata C- katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, huanza ngazi ya 6, yaani stashahada. Mwenye D huanza ya 5. Wa chini yake huanza ya 4 na kupanda. Hata fundi wa jua kali ambaye hajawahi kukaa darasani anaweza kupimwa ujuzi alio nao na kupewa cheti.

Yote haya yanahitaji vitu vinavyokwisha. Darasa langu moja la kutandaza waya linakula mabunda ya waya, swichi na viunganishi kila wiki, na la jirani yangu wa kuchomelea linakula elektrodi kwa paketi. Nimewahi kufundisha mahali ambapo wanafunzi thelathini walizunguka ubao mmoja wa mazoezi; watano wakafanya, waliobaki wakatazama. Kutazama si kujifunza ufundi.

Kwa hiyo baraza la chuo kikuu linapokaa kupanga taasisi yake, naomba lisianze na jengo la ghorofa. Lianze na fungu la vifaa vya karakana, liandikwe peke yake kwenye bajeti, lisichanganywe na la mihadhara, na msimamizi wa karakana awe miongoni mwa wanaotia sahihi ya kulitumia.