"Bado kidogo tu": tunayodanganyana kuhusu sindano na krimu za uso

Saluni yangu iko Nsambya hapa Kampala, chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kirefu. Kazi yangu ni nywele. Lakini msusi hukaa na kichwa cha mtu saa nne, tano, na ukikaa nacho hivyo kila baada ya wiki sita, unauona uso ukibadilika kabla mume wake hajauona. Miaka hii ya karibuni naona midomo inayomtangulia mwenyewe mlangoni, na vipaji vya nyuso visivyotikisika mtu akicheka. Sipingi urembo, jamani. Ningeupinga ningekula nini? Ila wateja wangu wengi ni wa Kiswahili, Wakongomani wa Makindye, Wakenya, akina mama Wanubi kutoka Bombo, na wakianza kuelezana habari za sindano mbele yangu, maneno ni yale yale. Mengi si kweli. Niliyoandika hapa nimeyapima kwa kumuuliza daktari wa ngozi ambaye namsuka, na ambaye kwa bahati yangu hachoki kuulizwa.

"Fila huyeyuka yenyewe, kwa hiyo huna cha kupoteza"

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowafanya watu wapitilize. Fila inayotumika zaidi ni ya asidi ya hayaluroni, kitu kama jeli kinachodungwa chini ya ngozi ili kujaza shavu, mdomo au bonde la chini ya jicho. Unaambiwa inakaa miezi sita hadi mwaka na nusu. Ni kweli kwamba ule ujazo unaoonekana hupungua kwa muda huo, lakini picha za MRI zimekuta fila ikiwa bado usoni miaka kadhaa baada ya kudungwa. Sasa anayerudi kila miezi minne "kuongeza kidogo" anamimina juu ya akiba ambayo haijaisha, nayo lazima itafute pa kwenda. Mdomoni hupanda juu ya mstari wa mdomo, ikafanya tuta kama masharubu ya mvulana. Chini ya macho huvuta maji, na mtu akaamka kila siku kama aliyelia usiku kucha.

Nina mteja aliyekuwa amekwenda mara nne. Siku moja namwosha nywele, kichwa kimelala kwenye beseni. Mtu akilala chali, uso hulegea na mashavu huteremka kidogo kuelekea masikioni, nimeona maelfu. Yake hayakwenda popote, yamesimama pale pale kama mawe mawili chini ya kitambaa. Naye, macho kafumba, ananiambia: "Dada, bado kidogo tu, hili la kushoto halijafika." Nilimwambia atoe picha yake ya zamani kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akasema alidhani tofauti ni ndogo. Jicho huzoea. Uso wa juzi unakuwa ndio wa kawaida, na kipimo cha leo kinaanzia hapo, si kwenye uso uliozaliwa nao.

Halafu si kila fila huyeyuka. Ya hayaluroni ina dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kiitwacho hayaluronidazi. Silikoni ya maji haina dawa: hukaa humo maisha yote, na miaka baadaye inaweza kufanya vinundu vigumu ambavyo huondolewa kwa kisu, tena si vyote. Kabla ya sindano omba uoneshwe boksi likiwa limefungwa. Anayekataa kukuonesha boksi amekwisha kukujibu.

"Ukiongezewa Botox inadumu mwaka"

Botox si fila, ingawa saluni zinaziuza kama mapacha. Haijazi kitu. Ni sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, iliyopunguzwa makali sana, inayozuia neva isiamrishe msuli kujikunja. Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ndiye aliyeifanya dawa, kwa ajili ya watu wenye makengeza. Marekani ikaiidhinisha kwa macho mwaka 1989, na kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Huanza kushika baada ya siku kadhaa, hukamilika kama wiki ya pili, na kwa kawaida huisha baada ya miezi mitatu au minne. Dozi kubwa hainunui mwaka. Inanunua kope lililoanguka na uso usiosema lolote. Tena anayerudishiwa haraka haraka anaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi yake, ikafika siku dawa haina tofauti na maji. Wanaoniudhi ni wale wanaorudi siku ya tatu kulalamika "haijashika", na mdungaji, badala ya kuwaambia wasubiri wiki mbili, anawaongezea.

"Ngozi yetu nyeusi ni ngumu, haiharibiki"

Nusu yake ni kweli, na ndiyo nusu inayotuponza. Melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inatukinga na jua, ndiyo maana bibi wa miaka sabini ana paji laini kuliko Mzungu wa hamsini. (Ndiyo maana pia sielewi binti wa miaka ishirini na sita anazuia mikunjo gani.) Lakini melanini hiyo hiyo ina hasira. Ngozi nyeusi ikichomwa, ikichubuliwa au ikivimba, hujibu kwa kumwaga rangi: kipele kidogo kinaacha doa la miezi. Ndiyo sababu kuchubua uso kwa asidi kali, au kupigwa leza iliyopangwa kwa ngozi nyeupe, kunaweza kukuacha na mabaka meusi zaidi ya uliyokwenda kuyaondoa. Leza nyingi hutafuta rangi nyeusi na kuichoma, na kwako wewe rangi hiyo imo katika ngozi nzima. Kuna leza zinazoifaa zaidi ngozi nyeusi, zenye mawimbi marefu ya nanomita 1064, lakini mwenye mashine ajue anachokishika.

Kuna keloidi pia, kovu linalovimba likazidi jeraha lenyewe. Sisi hutupata zaidi kuliko Wazungu. Kama tundu la hereni lilikufanyia uvimbe, au kovu la kisu cha uzazi limeinuka, mwambie daktari kabla hajagusa uso wako. Na ukichubua, ukatobolewa na visindano, ukapigwa leza, yote ndani ya mwezi mmoja kwa sababu saluni imetoa "ofa", ngozi haijapata nafasi ya kupona pigo la kwanza.

"Mimi sidungwi, napaka tu"

Hapa naona haya, kwa sababu zamani niliuza. Mkorogo wa kung'arisha ngozi nilikuwa nauchanganya mwenyewe nyuma ya pazia: krimu mbili za soko la Kikuubo, tyubu moja ya dawa ya ukurutu, na mafuta kidogo ya kuficha harufu. Ile tyubu ilikuwa klobetasoli, moja ya steroidi kali kabisa zinazopakwa. Ukiipaka usoni miezi na miezi ngozi inakuwa nyembamba kama ya kitunguu, mishipa inaonekana, chunusi zinazuka, na siku ukiacha uso unawaka moto, kwa hiyo unarudi kupaka. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, nayo ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu-kijivu kwenye mashavu usiofutika. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990 baada ya kuona nyuso hizo. Zebaki, ambayo nayo hutiwa kwenye krimu hizi, huharibu figo. Hapa Uganda UNBS, shirika la viwango, hairuhusu zebaki wala haidrokwinoni katika vipodozi, lakini nenda sokoni uone.

Aliyechakaza ngozi kwa mkorogo halafu akaenda kudungwa au kupasuliwa, ngozi yake haiponi kama ya mwingine. Nimemwona mmoja akichubuka kwa kuvuliwa tu plasta ya nyusi.

Dripu za glutathioni za kujitakatisha ni hadithi ile ile kwa bei kubwa.

"Ni damu yangu mwenyewe, itanidhuruje?"

Hapa nasema urembo wa kuchotwa damu yako na kurudishiwa usoni. Damu yako haikudhuru. Ya jirani ndiyo itakayokudhuru, kama vifaa vimerudiwa. Albuquerque huko Marekani kulikuwa na mahali pa urembo pa kuchota damu na kuirudisha usoni kwa visindano. Pakafungwa mwaka 2018, na ripoti ya CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, ya mwaka 2024 ikaeleza wateja waliopata VVU kwa sindano za pale. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya friji ya jikoni, pamoja na chakula. Kama Marekani ni hivyo, basi koti jeupe la mtu aliyesomea siku mbili hotelini lisikutie imani. Jina la daktari wa Uganda hutafutwa kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, na ni bure.

"Kuuma na kupauka baada ya sindano ni kawaida, weka barafu"

Uvimbe kidogo na alama ya bluu ni kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, ngozi kupauka au kuwa na mabaka kama mtandao, si kawaida: fila inaweza kuwa imeziba mshipa wa damu, na sehemu inayolishwa na mshipa huo inaanza kufa. Kwenye ngozi yetu weupe huo hufichika, hugeuka kama majivu. Bonyeza kwa kidole halafu achia. Rangi ikichelewa kurudi, ni hatari. Kama ni mdomo, ugeuze utazame upande wa ndani. Barafu hubana mishipa zaidi. Kinachosaidia mkiwa njiani ni kitambaa cha uvuguvugu.

Pua na katikati ya nyusi ni pabaya kuliko kwingine kwa sababu mishipa yake imeungana na ya jicho. Macho yakififia wakati wa sindano au mara baada yake, muda uliobaki ni wa dakika, haufiki kesho asubuhi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mdungaji, kabla ya bei, ni hili: hayaluronidazi unayo hapa chumbani, sasa hivi? Mteja wangu wa mashavu alikwenda kuuliza. Alijibiwa: "Nyabo (yaani bibie), mbona unaogopa?" Akachukua mkoba wake akarudi kwangu, nikamsuka mtindo wa twende kilioni.