Shokapu haibebi mzigo: soma hii kabla hujafunga springi na shokapu mpya kwenye pikapu yako

Nimelisema hili gereji mpaka nimechoka, sasa naliandika, na atakayeniuliza tena namtumia linki. Shokapu haibebi mzigo. Anakuja mtu na Hilux dabo kebini, akipakia mifuko ya saruji nyuma inalala mpaka tairi zinataka kugusa fenda, anasema fundi nifungie shokapu ngumu zile za gesi ili nyuma inyanyuke. Ukimwambia shida ni springi anakuangalia kama mtu anayetaka kupigwa hela. Wa juzi alikuwa ameshanunua shokapu nne kabisa za Bilstein, pesa ndefu, kafungiwa sehemu nyingine, gari imelala vilevile, na alichokuja kuomba kwangu ni nimtafutie kali zaidi ya hizo. Aisee.

Kama hauniamini fanya hivi. Paki sehemu tambarare, chukua tepu pima kutoka katikati ya ringi ya nyuma mpaka ukingo wa fenda, andika. Weka kabari tairi za mbele, toa shokapu zote mbili za nyuma, tikisa bodi kidogo itulie halafu pima tena. Gari iko palepale. Kama zilikuwa za gesi yenye presha kubwa itashuka milimita chache basi, kwa sababu ile gesi inasukuma roda (ile fimbo ya shokapu inayoingia na kutoka) kwa nguvu ya kilo 30 au 40 hivi kwa kila shokapu na wewe unaongelea nusu tani ya saruji. Mzigo wote umekaliwa na springi. Shokapu ni kama kile kidude cha juu ya mlango wa ofisi kinachozuia usijibamize, mlango wenyewe umebebwa na bawaba, na hata ufunge kidude kikubwa namna gani mlango uliolala hauinuki.

Sasa twende kwenye springi maana huko ndiko watu wanapoharibu gari zao kabisa.

Swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni gari yako inabeba nini siku ambayo haijabeba kitu, na wengi wanadhani nawatania. Namaanisha vile vitu ambavyo havishuki: bampa la chuma, winchi, kanopi, tenki la ziada, boksi la spana, spea taya ya pili, hema la juu. Huo ndio mzigo wa kudumu na springi inachaguliwa kwa huo. Bampa la chuma na winchi peke yake zinafika kilo 80 mpaka 100 kirahisi, tena zimekaa mbele ya ekseli kwa hiyo springi za mbele zinauhisi zaidi ya hapo. Nenda kwenye mizani ya mazao au ya vyuma chakavu, pima ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake, uje na namba. Old Man Emu, Ironman na wenzao wanauza springi za gari moja kwa madaraja tofauti ya mzigo wa kudumu, ukienda dukani bila namba utauziwa iliyopo kwenye shelfu, na iliyopo mara nyingi ni ile ngumu kwa sababu ndiyo watu wanaamini ni bora.

Nyuma ndiko kwenye kazi. Hilux dabo kebini tupu ni kama tani 2, na uzito mwingi uko mbele kwenye injini na kebini, nyuma kwa makadirio inabaki kilo 800 na kitu. Pakia tani moja kwenye bodi, karibu yote inaenda nyuma, maana yake springi zilezile sasa zinabeba zaidi ya mara mbili ya zilichobeba asubuhi. Mbele hakuna kilichobadilika cha maana. Hakuna springi duniani inayokuwa nzuri kwenye hali zote mbili, ukiichagua kwa tani moja itakurusha ukiwa mtupu, ukiichagua kwa gari tupu italala ukipakia. Kiwanda walijaribu kukwepa hapo kwa kuweka majani mepesi (yale mabamba ya chuma yanayopangwa kuwa springi ya nyuma) juu na lile jani zito lililonyooka chini kabisa ambalo linakuja kugusa pale tu unapopakia. Ule ni ufundi, sio ubahili.

Halafu anakuja fundi anakwambia tuongeze jani. Analitoa kwenye springi kuukuu ya gari nyingine, unene tofauti, mpindo tofauti, analikata, analichomeka katikati, anakaza yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zilezile za zamani, na nyuma inapanda kweli. Mteja anafurahi maana macho yameona. Lakini majani ya springi moja yanatakiwa yalaliane, na ukichanganya mpindo jani moja linabeba peke yake huku mengine yanalitazama, na litakatikia palepale kwenye senta bolti, ile ya katikati inayoshika majani pamoja, ambapo yubolti zimelibana. Na kabla halijakatika umeshapata gari ambayo ikiwa tupu haitulii: kwenye kona ya vumbi nyuma inadunda na kuhama upande, tairi linatumia nusu ya muda liko hewani, na tairi lililo hewani halina breki wala mshiko. Watu wanapindua pikapu tupu wanasema ni mwendo. Mwendo ndio, lakini ukichungulia chini unakuta rundo la vyuma ambalo halijawahi kunesa hata siku moja tangu lifungwe.

Kwa mtu anayebeba mzigo siku mbili tatu kwa wiki na siku zingine anazunguka mtupu, mimi namshauri daraja la kati, lile la mzigo wa kudumu mpaka kilo 300 hivi, akubali ikilala kidogo siku ya mzigo. Kulala kidogo sio ugonjwa. Gari tupu ya aina hii ikiwa imesimama nyuma inatakiwa iwe juu kidogo kuliko mbele, ukipakia inakuja sawa. Ukiona pikapu tupu imenyanyua makalio juu kabisa ujue mwenyewe anateseka.

Na springi ngumu haikuongezei tani. Uzito wa juu wa kiwanda kwa Hilux nyingi za dabo kebini ni karibu tani 3 pamoja na gari yenyewe, na hiyo imehesabiwa kwa breki, beringi za nyuma, ekseli na chasisi. Umebadilisha springi, hivyo vingine vyote ni vilevile. Hapa niwataje na wale wa mifuko ya upepo inayokaa kati ya ekseli na chasisi. Springi ya majani inashika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma, mzigo unagawana. Mfuko unasukuma sehemu moja katikati, palepale juu ya ekseli, na kama mzigo wako umening'inia nyuma ya tairi, trela nzito kwa mfano, umeshatengeneza mahali pa chasisi kupindia. Kidogo kidogo kwa ajili ya kusawazisha gari sina ugomvi nayo. Kujaza upepo wa juu ili upakie zaidi ya uwezo, hapana, mimi sifungi.

Kunyanyua gari. Nitakuwa mfupi kwa sababu mabishano yake hayaishi. Kwenye pikapu yenye ekseli nzima nyuma, yaani mhimili mmoja unaounganisha tairi zote mbili, ukiweka springi ndefu, difu haipandi hata milimita moja. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi kubwa. Springi ndefu inainua tumbo, chasisi na bampa, ni faida kweli kwenye makorongo, ila yule anayesema kanyanyua inchi mbili ili difu isiguse jiwe, hilo jiwe bado linamsubiri. Mbele kwenye Hilux kuanzia Vigo, Ranger na D-Max mpya ambazo shokapu imo ndani ya koili (springi ya kuzunguka), milimita 40 mpaka 50 ndio mwisho wa amani. Ukizidisha hapo jointi za drafti (shafti zinazozungusha tairi za mbele) zinafanya kazi kwenye pembe mbaya, amu ya juu (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa juu) inaanza kugonga, na alaimenti haikubali. Spesa za juu ya koili ndio kabisa: unachoweka pale juu tairi linakipata karibu mara mbili, gari inapanda ila tairi halina tena nafasi ya kushuka, kwa hiyo kila shimo unasikia kishindo, chuma kwa chuma. Land Cruiser 79 ni habari nyingine, mbele ina ekseli nzima na koili tangu 1999, inavumilia zaidi, ila caster (pembe ya kulala ya mhimili wa usukani) inabadilika na usukani unaanza kutangatanga kwenye lami usipoirekebisha.

Sasa ndio tunarudi kwenye shokapu, kwa sababu haibebi mzigo lakini ina kazi kubwa kuliko watu wanavyoipa. Ukifunga springi ngumu ukaacha shokapu za zamani, springi inarudi kwa nguvu ambayo shokapu haiwezi kuizuia, gari inadunda mara tatu nne baada ya tuta moja. Hiyo wengi wanaijua. Wasiyoijua ni kinyume chake, na ndiyo inayonikera: shokapu ngumu mno kwenye springi ya kawaida. Huku kwetu Arusha gari moja inakula lami ya Makuyuni mpaka Karatu vizuri tu, halafu ukishavuka Ngorongoro kushuka kuelekea Naabi na Seronera ni changarawe yenye vituta vidogo vya mfululizo, kilomita kwa kilomita. Pale tairi linapigwa juu, linatakiwa lirudi chini kabla kituta kinachofuata hakijafika. Shokapu ikiwa imekaza sana kwenye kurudi, tairi halifiki chini, kituta kingine kinalipiga likiwa bado juu, halafu kingine, na kila pigo gari inazama kidogo mpaka inakalia zile raba za stopa na wewe ndani unahisi meno yanatoka. Dereva anasema shokapu zimekufa, anataka ngumu zaidi, wakati ugumu ndio uliomfikisha hapo. Kwa njia za namna hii mimi nachukua shokapu iliyolingana na springi, yenye mafuta mengi ya kutosha kupoza joto, kuliko iliyoandikwa ngumu.

Na upepo jamani. Hakuna shokapu inayorekebisha tairi lenye upepo wa psi 40 kwenye changarawe. Shusha mpaka 26 au 28, punguza mwendo, ukifika lami jaza tena. Ni bure na inaokoa shokapu kuliko chochote ninachouza.

Shokapu ya tyubu moja (bomba moja tu) au ya tyubu mbili (bomba ndani ya bomba)? Hapa vitabu vinasema kwa kujiamini kuliko ninavyoweza mimi. Ya tyubu moja inapoa haraka na mafuta yake hayafanyi povu kirahisi, kwa mwendo mrefu wa vituta inabaki na nguvu wakati ya tyubu mbili imeshalegea. Lakini ukuta wake wa nje ndio ukuta wa pistoni, jiwe moja likibonyeza pale pistoni inakwama, na ya tyubu mbili ikibonyea kidogo tyubu ya ndani inaendelea na kazi. Tena sili ikivuja kwenye ile ya presha kubwa inakufa mara moja, ya tyubu mbili inakufa polepole unafika nyumbani. Kwa wa barabara kuu na changarawe naelekea tyubu moja, kwa wa mawe na porini Simanjiro huko bila spea naelekea tyubu mbili nene, na nimeshaona gari zikinikatalia pande zote mbili, kwa hiyo mtu akiniletea hoja yake nzuri namsikiliza.

Kufunga. Yubolti mpya, usirudishe za zamani, zimeshavutika. Bushi (zile za kwenye viungo vya springi) za raba zinatosha kwa wengi, za plastiki ngumu zinalia vumbi likiingia. Bolti za bushi zikazwe gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, sio ikiwa kwenye jeki, la sivyo raba inabaki imejisokota muda wote na itachanika mapema. Baada ya kilomita 500 mpaka 1,000 rudi ukaziwe yubolti tena. Alaimenti, na taa za mbele zishushwe.

Halafu kuna kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka na ndicho ninachokihofia zaidi ya vyote. Hilux nyingi na pikapu zingine zisizo na mfumo wa umeme wa kugawa breki zina valvu ya breki ya nyuma inayosoma mzigo, ina fimbo inayoshuka kutoka kwenye chasisi mpaka kwenye difu. Gari ikilala, valvu inajua umepakia inapeleka breki zaidi nyuma. Gari ikipanda inajua uko mtupu inapunguza. Umenyanyua nyuma kwa springi mpya, ukapakia tani moja, valvu bado inadhani uko mtupu, na sehemu kubwa ya breki inaachiwa tairi za mbele kwenye mteremko. Chungulia chini mwenyewe hiyo fimbo uione, mwambie fundi ainue ile ncha ya kwenye difu kwa kiasi kilekile gari ilichopanda, halafu mkaijaribu breki ikiwa na mzigo sehemu ya wazi kabla hujamlipa.