Je, wajua kwa nini gari dogo huchemsha kwenye foleni ya Buguruni, lakini likielekea Kibaha linatulia?

Saa kumi na moja jioni, Barabara ya Mandela jijini Dar es Salaam imesimama kuanzia Tazara hadi Buguruni. Toyota Starlet ya zamani inaanza kutoa mvuke kwenye boneti. Kesho yake gari hilohilo linakwenda Kibaha, nje ya jiji, kwa kilomita 80 kwa saa, AC imewashwa, na mshale wa joto hausogei. Mwenye gari anaambiwa injini imechoka, atafute nyingine. Mara nyingi injini haina kosa lolote. Kilichokosekana Buguruni ni upepo.

Maji ya rejeta hupozwa na hewa inayopita katikati ya vile vibati vyake vyembamba. Gari likikimbia, hewa inaingia yenyewe kupitia grili, na feni haina kazi kubwa. Likisimama, feni inabaki peke yake. Ndiyo maana feni iliyokufa inaweza kukaa miezi bila mtu kujua, hasa kwa anayetoka nyumbani alfajiri kabla ya foleni, hadi siku moja ya Januari, joto la Kaskazi limefika nyuzi 32, lami imeiva na eksozi ya daladala iko mbele ya grili.

Kwa hiyo kabla ya kununua spea yoyote, jua gari linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni tu, anza na feni. Likichemsha kwenye mwendo mrefu au mlimani, anza na rejeta, themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) na wata pampu (pampu inayozungusha maji). Likichemsha popote na maji yanapungua bila kuonekana yanakovuja, jiandae kwa habari mbaya.

Feni kwanza. Washa injini, washa AC: kwenye gari ndogo nyingi feni lazima izunguke muda mfupi baadaye. Isipozunguka, zima AC na injini, kisha chomoa soketi ya mota ya feni na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili, waya wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampea 30. Weka vidole mbali. Ikikataa, gonga mgongo wa mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota zimeisha. Leo itakubali, kesho itakuacha.

Mota ikizunguka vizuri kwa umeme wa betri, tatizo liko nyuma yake: fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au swichi ya joto. Hapa kuna mtego. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 swichi hiyo hufanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: injini ikiwa baridi saketi imeungana na umeme unapita, maji yakipata moto inakatika, ndipo relei inaruhusu feni. Ukiweka ufunguo kwenye ON bila kuwasha injini, ukachomoa soketi ya swichi, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, nyaya, relei na mota ni nzima. Swichi ndiyo mbovu. Ni kwa sababu hiyohiyo usiazime relei ya honi kwa kuwa tu ina miguu minne. Linganisha namba na mchoro uliochapwa ubavuni, maana relei za feni za gari hizo mara nyingi hufanya kazi kinyume na ile ya honi.

Wapo wanaofupisha safari: wanaunga feni moja kwa moja kwenye ufunguo, izunguke muda wote. Kama njia ya kufika nyumbani, sawa. Kama matengenezo, hapana. Kaboni zinaisha haraka, na waya wa ufunguo usiopitia relei unaweza kuyeyuka.

Jambo jingine dogo, na linawapita hata mafundi wazuri: mota ya mtumba kutoka mtaa wa Gerezani ikifungwa nyaya zikiwa zimegeuzwa, feni itazunguka kwa kelele nzuri kabisa huku ikisukuma hewa kuelekea mbele, ikipigana na upepo wa gari. Kuijua ni rahisi. Feni ikizunguka, peleka karatasi nyepesi mbele ya grili. Inapaswa kuvutwa na kunata. Ikipeperushwa kukuelekea, geuza nyaya. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lirudishwe mahali pake. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta.

Feni ikiwa nzima, geukia kifuniko cha rejeta. Watu wengi hukiona kama mfuniko wa chupa, kumbe ndicho kinachoshikilia presha. Hapa pwani maji wazi yanachemka kwenye nyuzi 100. Chini ya kifuniko kilichoandikwa 0.9 yanavumilia hadi karibu nyuzi 118. Mpira wake ukikakamaa presha inatoka, na maji yanachemka wakati injini haijafikia joto la hatari. Kifuniko pia kina vali ndogo katikati inayorudisha maji kutoka kwenye tangi la akiba injini ikipoa. Ikikwama, asubuhi utakuta mpira wa rejeta, lile bomba linalopitisha maji, umebonyea kama chupa tupu ya maji iliyofyonzwa. Ukinunua kipya, nunua namba ileile. Kuweka 1.1 mahali pa 0.9 kwenye rejeta iliyozeeka ni kuipasua.

Maji nayo yana kesi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na ukijazia rejeta kwa maji hayo kila wiki unajenga kutu na gamba ndani ya mirija, halafu mabawa ya wata pampu yanaliwa. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri: asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.

Kwa gari linalochemsha kwenye mwendo, pitisha kipimajoto cha infraredi, kile kinachopima bila kugusa, usoni pa rejeta injini ikiwa moto. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake imeziba. Rejeta za shaba huweza kufunguliwa na kusuguliwa mirija; za alumini zenye matangi ya plastiki, ni afadhali kubadilisha. Angalia pia kitundu kidogo chini ya shafti ya wata pampu: alama ya kulanti iliyokauka hapo inaonyesha sili imeanza kuachia.

Halafu themostati. Jijini hapa ushauri wa kwanza wa gereji nyingi ni kuitoa, eti hii ni nchi ya joto. Ushauri huo ni mbaya. Kwenye injini zenye themostati ya sahani mbili, sahani ya pili huziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha zaidi. Injini nyingine hubaki baridi mno kwenye barabara kuu, kompyuta inaongeza mafuta, nawe unalipia kituoni. Badala ya kuitupa, ipime: ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji. Iliyoandikwa 82 huanza kufunguka karibu na nyuzi hizo, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi.

Habari mbaya yenyewe ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini. Hujulikana asubuhi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma na maji yakarushwa nje, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine: kifuniko kikiwa kimefungwa, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Hedi ikishushwa, sisitiza ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa injini nyingi ndogo za Toyota, ikipinda zaidi ya milimita 0.05 haifai kurudishwa hivyohivyo.

Likikuchemkia barabarani, zima AC, fungua hita hadi mwisho hata kama utaloa jasho, sogea pembeni, zima injini. Usifungue kifuniko kabla ya nusu saa, na usimwagie injini maji ya baridi. Alumini iliyo moto hupasuka.

Baada ya matengenezo toa hewa. Egesha gari pua ikiwa juu, hita iwe kwenye moto, jaza taratibu huku injini ikiunguruma bila kifuniko, na minya mpira wa juu kila baada ya muda kabla haujawa wa moto. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili bila mapovu kutoka, zima, acha ipoe, ongeza maji, funga. Kesho yake asubuhi tazama tangi la akiba: yakiwa yameshuka chini ya LOW, kuna hewa iliyobaki au kuna pa kuvuja.