"Shangazi, picha iko wapi?" Dhana potofu kuhusu spektrometa ya tungamo na umbo la protini

Huyu ni wa nne tangu Ramadhani iishe. Kijana kaja barazani kwetu hapa Malindi baada ya alasiri, laptopu mkononi, na kahawa haijamiminwa kashauliza: "Shangazi, mbona hawakunitumia picha? Nimelipia nione umbo la protini yangu, wamenipa namba tupu."

Kazi yangu ni kutayarisha sampuli na kusoma matokeo. Mashine zenyewe ziko mbali. Sampuli za watu wetu huondoka hapa na basi la usiku, zimefukiwa kwenye barafu kavu, na majibu hurudi kwa barua pepe. Pengine umbali huo ndio unaowafanya wengi wadhani kule kuna kamera. Nimeeleza jambo hili mpaka sauti imenikauka, sasa naliandika.

Spektrometa ya tungamo haipigi picha. Inapima uwiano wa tungamo na chaji ya ioni, yaani molekuli iliyobeba chaji ya umeme, basi. Ukiijua chaji, umeupata uzito. Ndivyo alivyofanya Francis Aston mwaka 1919 alipotenganisha isotopu za neoni, yaani atomu za neoni zenye uzito tofauti, na ndivyo inavyofanyika leo. Kwa miaka mingi shida ilikuwa kwamba molekuli kubwa kama protini ilivunjika kabla haijapaa hewani. John Fenn akaipaisha kwa kuinyunyiza katika matone madogo yenye chaji yanayokauka njiani, Koichi Tanaka akatumia leza, na mwaka 2002 wote wawili wakagawiwa Nobeli ya kemia. Walituzwa kwa kuipaisha protini ikiwa nzima ili ipimwe uzito.

Sasa umbo linatoka wapi? Linatokana na kile ulichoifanyia protini kabla hujaipima. Ukiituma vivi hivi bila kuifanyia lolote, utarudishiwa uzito wake na hutapata zaidi.

Tuchukue himoglobini, maana hapa Pwani selimundu si habari ya kusoma vitabuni. Mnyororo wa beta wa kawaida una uzito wa daltoni 15,867 (daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni). Ule wa selimundu una 15,837. Zimepungua 30 kwa sababu asidi ya glutamiki, tofali la nafasi ya 6 kwenye mnyororo, imetoka na tofali jingine, valini, likakaa mahali pake. Mashine inaiona tofauti hiyo bila taabu. Lakini hebu angalia ilichokuambia: kuna badiliko la daltoni 30, kwisha. Haikukuambia kwamba oksijeni ikipungua valini ile hujishikiza kwenye himoglobini ya jirani, zikapangana kuwa nyuzi ndefu, na chembe ya damu ikapinda kama mundu. Ukitaka kuyajua hayo, itendee protini kitu kitakachoacha alama kwenye uzito.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya maji mazito. Unaichovya protini kwenye maji ambayo haidrojeni yake ni deuteriamu, yaani haidrojeni nzito. Haidrojeni zilizo kwenye uti wa mgongo wa protini huanza kubadilishana na deuteriamu, na kila moja inayobadilishwa huongeza karibu daltoni 1. Zilizo wazi hubadilishwa ndani ya sekunde. Zilizofichika ndani, au zilizofungwa barabara kwenye heliksi (msokoto wa mnyororo), huchukua saa nyingi, nyingine siku. Kwa hiyo unachota sampuli sekunde ya 10, dakika ya 1, dakika ya 10, saa ya 1. Kila ukichota unausimamisha mchezo kwa kushusha pH hadi 2.5 na joto hadi nyuzi 0. Halafu unaikata kwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kwa sababu pepsini hufanya kazi hata ndani ya asidi hiyo, na unapima vipande. Kilichonenepa upesi kilikuwa nje. Ambacho hakikuongezeka kilikuwa kimejificha. Rudia yote ukiwa umeongeza dawa unayoichunguza: kipande kikiacha kunenepa, ama dawa imekaa juu yake, ama imekaa kwingine na kukibana kwa mbali. Hilo la pili watu hulisahau, wakakimbilia kuandika kwamba wamepata mahali dawa inaposhika. Subirini. Thibitisheni kwa njia nyingine kwanza.

Njia nyingine yenyewe mara nyingi ni pingu: kemikali yenye mikono miwili ambayo kila mkono hushika laisini, mojawapo ya matofali ya protini. Ile iitwayo BS3 ina urefu wa angstromu 11.4 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Ukikuta laisini mbili zimefungwa pamoja, ukijumlisha na mikia yao wenyewe, unajua uti wa mgongo wa huku na wa kule hauko mbali zaidi ya takriban angstromu 30. Pingu moja haisemi mengi. Zikiwa arubaini, maumbo mengi uliyoyadhania yanakataliwa hapo hapo kwa sababu hayawezi kuzitosheleza zote.

Na ipo ya kupima protini bila kuitawanya. Ikiwa kwenye bafa (mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi) ya amoniamu asetati, himoglobini hutoka nzima, minyororo minne na himu zake nne, zile sehemu zenye chuma zinazoshika oksijeni, karibu daltoni 64,450. Itie asidi na methanoli, utaona mnyororo wa alfa, 15,126, na wa beta, 15,867, kila mmoja kivyake, himu zimeanguka. Nilipomwonyesha yule kijana namba zake "tupu", uzito aliopata ulikuwa mara mbili kamili ya mnyororo mmoja. Protini yake hukaa wawili wawili. Kumbe jibu alikuwa nalo tangu asubuhi.

Mengine nitayapitia haraka.

Wapo wanaosema protini ikiingia kwenye ombwe, yaani ndani ya mashine pasipo na hewa, hufumuka, kwa hiyo kila kinachopimwa mle ni uongo. Protini haikai mle muda mrefu. Safari yote ni sehemu ndogo ya sekunde, na ukiwa mpole na joto na volteji umbo kubwa hubaki. Chaji zenyewe ni ushahidi. Himoglobini nzima iliyojikunja hubeba chaji kama 16 hadi 18, ilhali mnyororo mmoja uliofumuka, wenye robo tu ya uzito huo, unaweza kubeba 20, kwa sababu eneo lake la nje limetandazwa. Carol Robinson wa Uingereza ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba protini zilizoshikana hufika upande wa pili zikiwa zimeshikana, hata zile za utando wa seli.

"Chumvi kidogo haidhuru." Inadhuru! Kila sodiamu inayokalia nafasi ya haidrojeni huongeza daltoni 22, na kwa kuwa hazikai idadi moja kwenye kila molekuli, kilele cha kwenye grafu kilichotakiwa kusimama kama mlingoti kinatandazika kama mkeka. Badilisheni bafa kabla ya kufunga sanduku, mara tatu, sio mara moja. Na tafadhali andikeni kila kilichomo ndani ya bafa kwenye karatasi, sabuni pia. Sabuni ambayo haikutajwa imeniharibia sampuli nyingi kuliko joto la Januari.

Kisha kuna hii ya orodha ya protini zilizovuliwa kwa shanga ndogo zilizobandikwa protini yako kama chambo: "Protini yangu na ile nyingine zimeonekana pamoja, kwa hiyo zinashikana." Aktini nayo imo kwenye orodha hiyo, keratini ya ngozi yako imo, protini za ribosomu zimo. Zinang'ang'ania shanga zenyewe, haziijui protini yako. Fanya jaribio la shanga zisizo na chambo, mara tatu, ulinganishe. Hata ikibaki moja ya kweli, huenda imekuja kwa mkono wa protini ya tatu, na orodha haiwezi kukuambia hilo. Pingu inaweza.

Na tangu Demis Hassabis na John Jumper wapate Nobeli mwaka 2024 kwa AlphaFold, programu ya kompyuta inayokisia umbo la protini, nasikia kwamba kazi yetu imekwisha, kompyuta inakupa umbo kwa dakika. Inakupa, na mara nyingi ni zuri sana. Mimi mwenyewe huanza nalo kila mradi. Lakini ni umbo lililotulia, na protini haitulii. Msichana mmoja aliniletea modeli yenye kitanzi kilichojilaza vizuri juu ya mfuko wa protini, akawa anakata tamaa kwa sababu dawa yake haikuwa na pa kupita. Tukaitia protini kwenye maji mazito. Kitanzi kikajaa deuteriamu kabla ya sekunde ya 10 kwisha, kama kitu kisichofungwa mahali popote. Dawa ilipoongezwa, kikatulia. Sasa anatengeneza protini yenye kitanzi kilichofupishwa, na sampuli zake zitapanda basi Jumatatu, bafa ikiwa imebadilishwa mara tatu.